Mlango Uliojibu

Kuna mchana mmoja, mwanangu, ambao hata nikilisahau jina langu sitausahau. Nilikuwa nyuma ya nyumba huko Mjambere, napepeta mahindi, bibi harusi bado mgeni wa jiko la watu. Jua liko utosini, kuku wamejibanza chini ya uchaga, hakuna jani linalotikisika. Nikamsikia mavyaa wangu, mamake babu yako, akiitika kule mlango wa mbele: "Abee!" Kisha tena, kwa sauti ya chini, sauti ya mke kwa mumewe: "Abee, bwana. Niko hapa."

Nikaweka ungo chini nikaenda kumwangalia mgeni. Mgeni hakuwepo. Na bwana wa mavyaa alikuwa kaburini tangu kabla sijaolewa.

Usinicheke, ngoja kwanza. Jana ulinipeleka Bofu kunionyesha nyumba yako, nami nikafurahi, haki ya Mungu nimefurahi. Kisha ukanionyesha milango na madirisha yamesimamishwa ukutani, yang'aa vanishi, ukaniuliza, "Nyanya, si mizuri?" Nikakaa kimya, wewe ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Niliutia mlango mmoja ukucha kwa chini, ukucha ukazama, na sikutaka kukuaibisha mbele ya mafundi. Leo tuko wawili. Keti, na hiyo simu iweke kando.

Kwetu sisi, mtoto hufunzwa hili hata kabla hajajua kuvaa nguo vizuri: ukisikia waitwa na humwoni akuitaye, usiitike. Nyamaza. Akiwa mtu, atatokea. Asipotokea, basi si mtu, na ukishamwitika umempa njia. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyenikumbusha nilipoingia kwake, akanishika sikio kabisa, "Wewe, hapa karibu na mikoko huitwa watu. Usiitike ovyo." Tulikuwa Wakristo, ndiyo, Jumapili tuko kanisani na nguo zilizopigwa pasi. Lakini koma, hao wazee wetu waliotangulia, huwafukuzi kwa ubatizo. Husogea pembeni tu, wakakaa wakitazama.

Sasa nimwone mama huyo huyo ameketi kwenye mkeka, bega kaliegemeza kwenye mwimo wa mlango, ule mti wa ubavuni unaoshika bawaba. Mkononi ana kikopo chake cha tumbaku. Akaugonga mwimo kwa kile kikopo, polepole. Akatega sikio. Nami nikasikia, mwanangu, kwa masikio haya. Mwimo ukajibu. Ulikuwa mlio mkavu, wa haraka, mfano wa mtu anayebisha kwa kucha za vidole vyote. Ukakoma. Mavyaa akagonga tena, nao ukajibu tena. Akatabasamu. "Abee," akasema. "Nimekusikia."

Nilirudi nyuma ya nyumba nikaushika ungo wangu tena. Sikumwambia mtu.

Nikueleze nyumba ile ilivyopata mlango. Bavyaa, babake babu yako, alikuwa mtu wa kufanya kitu kimoja mpaka akimalize. Alipotaka kujenga alianza na mlango, kinyume cha watu wote, ati nyumba bila mlango ni kivuli tu. Akapata mbao za mbambakofi, zile nyekundu nzito zinazokuvunja bega, akaenda kuzifukia kwenye matope ya mkono wa bahari, nyuma ya mikoko, akazifunga kwa vigingi. Ndiyo ilikuwa dawa ya wakati ule. Chumvi yaingia ndani ya mti, mdudu aliyemo afa, na yule wa nje akija kuonja atema. Ukizitoa unazikausha kivulini kwa subira, unazipaka mafuta ya papa, yale yanayopakwa vyombo vya baharini, yananuka mpaka majirani wakununie. Mlango wa hivyo wajukuu huurithi.

Alizifukia, nyumba ikainuka, naye akafa. Akafa ghafla, asubuhi tu, kikombe cha chai mkononi.

Na hapa ndipo wenyewe tulipokosea, kosa la watu wa kwetu. Kitu ambacho marehemu amekiweka kwa mkono wake, tena amekifukia, hakiguswi hivi hivi. Ni lazima aje wa damu yake, mkubwa, aseme naye kwanza. Wa kusema alikuwa dadake, Shangazi, aliyeishi Rabai, na baada ya matanga kila mtu alirudi kwake bila neno hilo kutajwa. Babu yako alikuwa kijana, amepata kazi bandarini Kilindini. Siku ya kunichukua imeshapangwa, na mke haletwi kwenye nyumba iliyozibwa kwa makuti mlangoni. Akaogopa kuzigusa mbao za babake, akaona haya kumsumbua shangaziye. Basi akafanya nini? Akaleta mbao za makasha. Ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu, meli zashusha makasha usiku na mchana, makubwa ya kulala ng'ombe, ya mbao nyeupe laini za kwao. Zikitupwa, watu wazigombania. Akazileta kwa mkokoteni, fundi akazipiga randa, akachimbia miguu ya miimo ardhini, akaupaka mlango rangi ya kijani. Ulipendeza, sikufichi. Nilipoingia nao nilijiona malkia.

Mlango wa makasha, mwanangu, na mbao za mwenye nyumba ziko matopeni. Kumbuka hivyo.

Mambo yakaanza kuharibika taratibu. Mavyaa akawa kila jua likipanda anahamia mlangoni. Akaanza kumpakulia marehemu sahani, akaiweka pale kizingitini mpaka sima inakauka na nzi wanaisahau. Kisha akawa hali yeye mwenyewe. Nikimbembeleza, "Mama, tia hata tonge moja," aniambia ameshiba. Ameshiba nini? Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Siku moja jirani akapita amevaa leso ya mavyaa. Mwingine akapewa chungu chake kizuri, mwingine jembe. Nikajua. Mtu anayegawa vitu vyake hali yu mzima, huyo ana safari.

Nikajipa moyo nikamuuliza, "Mama, huyo mlangoni asema nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo dogo sana. "Asema nije," akasema. "Tena aniita kwa jina langu la usichana, ambalo wewe hulijui."

Nilipomwambia babu yako alikaa kitandani akajishika kichwa. Jumapili ile alileta watu wa kanisa waje waombe. Sebule ikajaa, jua kali nje, watu wakaimba kwa nguvu zao zote na makofi juu, wakahubiri, wakakemea. Mavyaa kakaa mahali pake mlangoni. Wimbo ukaisha, mkubwa wao akasema "Amina," watu wakasema "Amina," kukawa kimya. Na katika kimya kile mlango ukajibu. Safari hii haukubisha kwa kucha. Ulirindima, juu mpaka chini, miimo yote miwili. Hee! Unawajua watu wa kanisa wewe? Wameondoka na baraka zao mfukoni, mmoja aliacha kiatu na hakurudi kukidai. Mkubwa wao alipitia dirishani, mtu mzima na tumbo lake. Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Mavyaa peke yake ndiye aliyebaki ametulia, akaupapasa mwimo kwa kiganja, "Basi, bwana. Wameshakwenda."

Kesho yake nilikuwa nafagia. Ufagio ukauparuza mwimo kwa chini, karibu na ardhi, na pale ulipoparuza rangi ikakunjamana. Nikainama. Nikaweka kidole. Mwanangu, kidole kiliingia. Kiliingia chote, bila nguvu, rangi ikapasuka tu kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ndani hakukuwa na mbao. Palikuwa na unyevu, na joto, na kitu kinatembea. Kisha nikaumwa. Nilichomoa kidole kina damu, na juu ya damu ameng'ang'ania mchwa mmoja mwenye kichwa kikubwa cha kahawia, meno kayafunga.

Nikaugonga mwimo mwenyewe. Ukarindima. Nikaelewa sauti ile ni nini. Ni wale wenye vichwa, askari wao, wakishtuka hupiga vichwa ukutani mwa nyumba yao kuwaonya wenzao. Nyumba yao ilikuwa mlango wetu. Mbao yote ilikuwa imeliwa, iliyobaki ni rangi ya kijani imesimama peke yake.

Utadhani nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo, nilizidi kuogopa. Nilimwonyesha babu yako, naye akaliziba lile tundu kwa udongo upesi upesi, macho nje, haya imemjaa. "Usimwambie mama," akasema. "Ukimwambia ni mchwa, atakuwa amefiwa na mume mara ya pili." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na pia, Sidi, mchwa wamelijuaje jina lake la usichana?"

Mimi nilikuwa na miguu tu. Alfajiri nilijifunga leso nikaenda Rabai kumwita Shangazi, bila ruhusa ya mtu.

Shangazi alikuwa mfupi, mweusi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alifika akamkumbatia wifi yake, akaketi naye mlangoni kutwa, akausikiliza ule mlango. Hakusema ni koma, hakusema ni mdudu. Jioni akamwita babu yako na mimi uani.

"Kijana," akamwambia, "babako alikuachia mlango. Wewe umeuogopa mlango, ukamwekea mamako kasha. Mwamwogopa maiti hata vitu vyake vizuri mwaviacha vioze, halafu mwakaa na aliye hai anakufa mbele ya macho yenu, huyo hamumwogopi! Huyo kila siku mwamwambia 'mama kula', mwaona mumemaliza. Lo! Na hiyo rangi ulipaka ya nini? Ulidhani mdudu huangalia rangi?"

Babu yako akasema, "Shangazi, je, ikiwa kweli ni baba?"

"Ikiwa ni yeye, ataka mlango wake. Ikiwa si yeye, sisi twataka mlango wetu. Niambie, hapo pana tofauti gani ya kazi?"

Maji yalipokupwa tukaenda mikokoni. Shangazi akasimama matopeni mpaka magotini, akasema na nduguye kwa Kirabai, maneno machache, bila kulia, namna mtu anavyomwambia nduguye kwamba amekuja kuchukua shoka. Kisha tukavuta. Mbao hazikutaka kutoka. Matope yalizishika, yakazishika, halafu yakaziachia moja moja kwa pumzi ndefu iliyonisimamisha nywele. Zilitoka nyeusi, nzito, baridi katika jua lile. Babu yako alizikwangua kwa kisu na ndani zilikuwa nyekundu vile vile. Hakuna tundu, hata la sindano.

Alitaka azipachike siku ile ile. Shangazi akakataa katakata. Mti mbichi ukiupachika hujikunja, mlango haufungi, na kazi yote yarudi mwanzo. Tukazipanga kivulini kwenye kibanda, tukaweka vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite. Tukangoja. Na kungoja huko, mwanangu, ndiko kulikokaribia kutuua, maana mavyaa hakungoja. Alikuwa sasa anakunywa maji tu. Shangazi akilala naye mkeka mmoja, amemshika mkono hata usingizini.

Mchana mmoja Shangazi alikwenda kisimani. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia mlango umerindima, nikasikia, "Abee, naja." Sauti safi, ya msichana. Nilipofika sebuleni mkeka mtupu, mlango wazi, na mavyaa yuko mbali anashuka kuelekea baharini. Yule mama aliyekuwa hawezi kusimama bila kushikwa! Nilikimbia mpaka pumzi ikaniishia. Nilipopenya mikokoni alikuwa ameshaingia majini, maji yako kiunoni, leso imeelea pembeni yake. Nikamwita, "Mama!" Hakugeuka.

Alikuwa amesimama ametega sikio. Pale hapakuwa na mlango. Hapakuwa na ubao wala mchwa, maji yametulia tuli na kaa wameingia mashimoni mwao. Mimi sikusikia chochote, na kutosikia kule kulinitisha kuliko ule mlango. Yeye alikuwa akisikia. Akatikisa kichwa mara moja, akakubali jambo. Kisha akageuka mwenyewe, akaja mpaka niliposimama, akanipa mkono nimvute.

"Asema bado," akaniambia. Akaanza kutetemeka kwa baridi.

Shangazi aliporudi akatukuta tumelowa, akaelewa. Hakungoja fundi wala mbao zikauke. "Mlango huu hautalala hapa leo," akasema. "Heri makuti." Babu yako alipotoka kazini akashika nyundo, na pigo la kwanza tu mwimo ukavunjika katikati, ukamwagika. Nasema ulimwagika. Mchwa, mayai meupe, vumbi, udongo wenye unyevu, vyote vilishuka sakafuni kama gunia la mtama lililopasuka, na kuku wakaja mbio. Iliyobaki mkononi mwa babu yako ni ganda la rangi.

Mavyaa alikuwa amekaa amejifunika blanketi. Aliinuka, akaja, akachutama. Akautazama uvungu ule kwa muda. Akatuangalia, mmoja mmoja.

"Basi mimi," akauliza, "siku zote hizi nilikuwa nazungumza na nani?"

Babu yako akaangalia chini. Mimi nikamwangalia babu yako. Shangazi ndiye aliyeketi naye chini, kwenye vumbi lile lile, akamwambia, "Hapa mlangoni, wifi yangu, na wadudu. Kule majini sijui. Kule wewe ndiwe ujuaye."

Ndipo mavyaa akalia. Watu waliniambia kwamba katika matanga yote hakutoa chozi, alikuwa akipokea wageni na kuuliza kama wamekula. Jioni ile alilia mpaka majirani wakaja wakidhani pana msiba mpya. Hapakuwa na mpya. Alipomaliza akaomba uji, akanywa bakuli zima, akaomba mwingine. Nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia zangu, kwa furaha.

Mbao zilipokauka fundi aliuunda ule mlango wa bavyaa, na madirisha mawili kwa zilizosalia. Miguu ya miimo ilipakwa lami ya moto na haikuchimbiwa tena ardhini, ilikalishwa juu ya jiwe la matumbawe. Mafuta ya papa yakanuka mpaka Krismasi. Siku ulipopachikwa, mavyaa aliuendea na kile kikopo chake, akaugonga. Ukatoa mlio mmoja mzito wa mti mzima, ukanyamaza. Akagonga tena. Kimya. Akasema, "Haya," akaenda kuchambua mchicha. Aliishi akawalea watoto wangu wote, babako akiwamo.

Wataka kujua kama naamini alisikia kitu majini? Sijui, mwanangu, na sijiumizi tena. Nijualo ni kwamba mbao mbovu ilimfungulia njia mtu aliyekuwa na majonzi, na karibu impitishe. Nyumba yapaswa kumlinda mtu hasa siku ambayo akili yake haimlindi. Na wewe waingiza mke pale Bofu, kisha watoto, na siku moja, Mungu aiweke mbali, majonzi nayo yataingia, maana hayana nyumba yasiyoijua.

Basi irudishe ile milango. Ndiyo, yote, na fundi akinuna mwache anune. Mbambakofi siku hizi ni shida, misitu imekwisha na serikali yaikataza, na haina haja. Tafuta mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile ambazo dawa imesukumwa ndani kwa mashine, sio za kupakwapakwa juu kwa brashi. Mwambie muuzaji akukatie kipande mbele yako utazame katikati: dawa iwe imeingia, isiwe imekaa kwenye ngozi tu. Zibebe mkononi. Zikiwa nyepesi kupita kiasi, au zina maji bado, ziache hapo hapo. Kila atakapokata fundi, pale alipokata papakwe dawa upya, maana ndipo mdudu anapoingilia. Mguu wa mwimo usiguse udongo. Dirisha la upande wa mvua za kusi lipewe kiunzi kigumu kuliko mengine yote. Na rangi, mwanangu, iwe ya mwisho. Rangi ni nguo, haiwi mfupa. Kila mwaka piga magoti, bonyeza kwa chini, gonga, sikiliza. Ukisikia mti, shukuru. Ukisikia kitu kingine, usiulize ni nani. Chukua nyundo.

Na wale unaowapenda, wakianza kukaa mahali pamoja kutwa, hawali, usiridhike kuwaambia wale. Kaa nao kwenye mkeka.

Nenda sasa, jua lisikuchwee. Mungu akupe nyumba yenye kimya kizuri ndani yake. Akupe mlango usiojua kazi nyingine ila kufunguka na kufungika, na kila atakayebisha hodi hapo, mchana au usiku, awe mtu mwenye uso, mwenye jina, na mwenye njaa ya chakula chako.

Amina. Haya, nipe mkono niinuke.